Kaktusi za miiba myeupe: ipi ununue kama unaishi Goma

Kabla ya kutoa pesa, simama barazani kwako siku mvua inanyesha uone matone yanafika wapi. Goma kaktusi haifi kwa kiu, inakufa kwa maji. Kuanzia Septemba hadi katikati ya Desemba, halafu Februari hadi Mei, mvua haituachi, na yale manyoya meupe tunayoyapenda yanashika unyevu kama blanketi lililolowa. Kwao Meksiko na kwenye milima ya Andes yanaukinga mmea na jua kali na baridi ya usiku. Hapa kwetu, mita 1,500 hivi juu ya bahari, adui ni mwingine. Ndiyo maana nimezipanga kwa kadiri zinavyovumilia unyevu, na uzuri nimeuweka nyuma.

Ya kwanza, bila kusita, ni Cleistocactus strausii wa Bolivia. Ni nguzo nyembamba iliyojaa miiba mifupi inayong'aa kama fedha, na baada ya miaka mingi hufika hata mita 3. Inapenda maji kuliko wenzake wote wa orodha hii, hivyo manyunyu yakiifikia ukingoni mwa baraza na jua likatoka baadaye, hainuni. Inachipua kutoka chini, kwa hiyo ukinunua shina moja utakuja kuwa na familia nzima. Wauzaji wengi hupanga bei kwa urefu, na hapo ndipo mnunuzi anapofaidi: acha lile refu lililochongoka juu kama penseli, maana limekulia kivulini likitafuta mwanga. Chukua fupi, nene, lenye vichipukizi viwili au vitatu shinani. Litakugharimu kidogo na litalipita lile refu.

Ya pili ni Mammillaria hahniana, mviringo wenye nywele nyeupe kama kichwa cha bibi. Maua yake ya zambarau huzunguka juu kama kata ya mama anayekwenda kuteka maji, na huyatoa ingali ndogo, ukubwa wa chungwa. Kwa nyumba isiyo na nafasi, hii inatosha. Mwagilia udongo, usiiloweshe kichwa.

Espostoa lanata ya Peru na Ekuado naiweka ya tatu. Imevaa pamba nzito na inakua haraka kiasi, ila lazima ikae chini ya paa mwaka mzima. Usiishike kwa kiganja, chini ya pamba kuna miiba mikali.

Ya nne ni Cephalocereus senilis, yule mzee wa Meksiko mwenye nywele ndefu nyeupe, ambaye kila mtu anamtaka kwanza. Nami nilianza naye. Nilimweka uani mwezi wa tatu, na kabla ya mwezi kwisha shina lilikuwa la kahawia, laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Niliumia, kwa sababu mmea ule hukua polepole mno, na kimo kile kilikuwa kimechukua miaka. Mnunue ukishazoea wengine.

Ya mwisho ni Mammillaria plumosa. Miiba yake ni laini kama unyoya wa ndege, sijaona kaktusi nzuri kuliko hiyo. Lakini kwao ni kwenye majabali ya chokaa, na hapa tuna vumbi jeusi la barabarani na moshi wa makala. Hahniana ikichafuka unaweza kuisugua taratibu kwa mswaki laini asubuhi ya jua. Hii ukiisugua umeiharibu. Ni ya mwenye dirisha la kioo lenye jua.

Kuna moja naikataa kabisa penye watoto: Opuntia microdasys yenye madoa meupe. Yale madoa ni mamia ya vijiba vidogo vyenye ndoano, vinavyoingia ngozini kwa kuguswa tu.

Ukiwa kwa muuzaji, tikisa shina kidogo. Likicheza kwenye udongo, huenda mizizi imeoza. Chunguza ndani ya nywele kwa kijiti, kwani vidudu vyeupe vya pamba hujificha humo na rangi inavificha. Na shina likikwaruzwa likatoa maziwa, huenda hiyo ni yuforbia, ingawa baadhi ya Mammillaria nazo hutoa maziwa. Yuforbia siyo kaktusi, na maziwa yake ni hatari kwa macho.

Udongo tunao bora kuliko miji mingi. Chagua kokoto za volkano zilizo nyepesi, zenye matundu, ukubwa wa punje ya maharagwe, uzioshe vumbi, kisha changanya sehemu mbili na sehemu moja ya udongo. Zile nzito za kujengea ukuta hazifai. Bidoni lililokatwa linatosha kama chungu, mradi ulitoboe chini. Maji ya ziwa Kivu yana madini mengi, pH yake (kipimo cha asidi) inakaribia 9, na huacha ukoko mweupe juu ya udongo. Tumia ya mvua uliyokinga, na mwagilia tu pale kijiti ulichochoma hadi chini kinapotoka kikavu.

Ukiibeba kwa pikipiki, ifunge kwa magazeti makuukuu kutoka chini kwenda juu, miiba isivunjike. Ukifika iweke kivulini, na usiipe tone la maji kwa wiki nzima. Mizizi iliyokatika njiani inahitaji kufunga vidonda kwanza.