Valvu ya kutoa hewa kwenye sola: miezi saba nikiwa nayo

Nianze na kikofia, maana ndicho kilichonitesa wiki tatu nzima. Valvu ya kutoa hewa, ile inayojifungua yenyewe, ina kikofia kidogo utosini kama kile cha tairi la baiskeli. Kikofia hicho huachwa kimelegea. Ukikikaza, hewa haina pa kutokea, na hapo ni kama umefunga kipande cha chuma tu. Fundi wangu alikikaza kwa plaisi. Nami nikakaa wiki tatu nikilaani aliyeniuzia.

Tunaishi Donholm, na juu ya paa tuna sola ya kupasha maji, ya lita 200. Maji ya kaunti huja siku mbili kwa wiki, yakitaka. Yasipokuja, tangi hukauka. Yakirudi, mfereji wa baridi unatoka vizuri, wa moto unakohoa mara mbili tatu halafu kimya. Na hii ilikuwa Julai, mwezi ambao Nairobi haina huruma na mtu anayeoga saa kumi na moja alfajiri. Watoto wakarudi kwenye karai na sufuria, gesi ikawa inaisha kabla ya mwezi, ilhali juu ya vichwa vyetu kuna lita 200 za maji ya moto.

Fundi wa kwanza alipanda paani, akashuka, akasema sola imekwisha, tuagize nyingine: laki moja na ishirini. Hakuwa amefungua hata nati moja. Nilimpa nauli yake nikamwambia nitafikiria.

Aliyenifumbua macho ni mdogo wangu anayeishi London. Kule nyumba nyingi zinapashwa joto kwa rejeta zilizotundikwa ukutani, na maji ya moto yanazunguka ndani yake kutoka kwenye boila. Hewa ikiingia hupanda juu, basi rejeta inakuwa moto chini na baridi juu. Ana kiufunguo kidogo chenye tundu la mraba. Anazima boila, anangoja rejeta ipoe, anashika kitambaa chini ya kivalvu cha pembeni, anakizungusha nusu mzunguko kuelekea kushoto. Hewa inapiga mluzi. Maji yakianza kutoka, anafunga. Kisha anaangalia mshale wa presha kwenye boila, na ukiwa chini ya bar 1 anaongeza maji kidogo. "Dada, sola yenu ni nzima," akaniambia. "Mna hewa kwenye bomba."

Hewa tulikuwa nayo kweli, na sisi hali yetu ni mbaya kuliko yake. Maji yetu yanashuka kwa uzito wake tu, hakuna pampu. Kila mita moja ya kimo inatoa kama bar 0.1. Tangi letu liko mita mbili na nusu juu ya shawa, kwa hiyo tuna robo bar, basi. Sasa aliyejenga nyumba hii alipitisha bomba la moto juu ya boriti kabla ya kulishusha bafuni, likawa na nundu. Hewa inajikusanya kwenye ile nundu, na robo bar haina ubavu wa kuisukuma. Hata tangi lisipokauka, maji yenyewe yakipata moto hutoa hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake. Ni vile vipovu unavyoviona kwenye sufuria muda mrefu kabla maji hayajachemka.

Kabla ya valvu nilikuwa natumia mpira wa bustani. Siku ya maji ya kaunti nilikuwa naunganisha mfereji wa uani na mfereji wa moto wa jikoni, nafungua vyote viwili, presha ya kaunti inairudisha hewa juu hadi kwenye tangi. Inafanya kazi, lakini kwa wiki moja tu, na jikoni panakuwa bwawa.

Valvu niliinunua Nyamakima, nusu inchi, shilingi 1,400. Kulikuwa na nyingine ya 600 inayong'aa kuliko hiyo. Muuzaji alinipa zote mbili mkononi. "Mama, sikia uzito. Hii ni shaba, hiyo ni rangi." Niliyochukua imeandikwa bar 10 na nyuzi 110. Ndani kuna boya la plastiki: maji yakijaa linapanda na kuziba tundu, hewa ikijikusanya linashuka na tundu linafunguka. Ndiyo maana lazima isimame wima. Ukiilaza, boya linakwama.

Fundi wa pili aliifunga pale juu ya nundu kwa 1,500. Kesho yake uzi ukawa unavuja. Alikuwa amezungusha ile tepu nyeupe kinyume, kwa hiyo kila alipokaza, tepu ilikuwa inajikunjua. Akaja, akarudia bila kudai pesa, tukasameheana. Halafu ndiyo ikaja hadithi ya kikofia.

Tangu kilegezwe, tangi limekauka mara tano. Maji yakirudi nasikia juu ya dari kama mtu anapuliza chai, dakika moja au mbili, kisha shawa inafunguka yenyewe. Mpira umerudi kumwagilia sukumawiki.

Kasoro ipo. Mwezi wa tano tangu ifungwe, valvu ilianza kudondosha, tone moja moja, ikaacha doa la rangi ya chai kwenye dari. Kaunti ikikatika sisi hununua maji ya boza, ya kisima, na yana chumvichumvi inayoganda. Ukoko mweupe ulikuwa umeshika pale tundu linapozibwa. Nililowesha kichwa cha valvu kwenye siki nusu saa, nikasugua kwa mswaki wa zamani (kisu hapana, kitakwaruza), ikaacha kudondosha. Kilichoniuma ni kwamba nilibidi kufunga tangi lote na kumwaga maji ya moto ya siku nzima, kwa sababu siku ya kununua nilikataa koki ndogo ya kufunga chini ya valvu. Nilikuwa naokoa shilingi 350.

Bomba lako likishuka moja kwa moja kutoka kwenye sola bila nundu, usinunue, utakuwa unatibu asiye mgonjwa. Na kama tone linatoka kwenye ile valvu ya usalama ubavuni mwa tangi la moto saa nane mchana jua likiwaka, hiyo si ya kuzibwa. Maji yanatanuka yakipata moto na presha lazima ipate njia. Jirani yangu alikuwa ameiziba kwa plagi ya chuma ili ukuta usilowe. Nilimwomba aitoe siku hiyohiyo, na akaitoa huku akinung'unikia rangi yake mpya.

Ninaipa nyota nne. Ile koki niliinunua Jumamosi iliyopita, bado ni 350. Iko juu ya friji inamngoja fundi, naye nimeshamwambia kwa simu: njoo na spana, plaisi iache nyumbani.