Seti ya kujifunza kuchokonoa kufuli: nimekaa nayo miezi 3, uzoefu wangu

Ningeandika hii wiki ya kwanza ningeipa nyota tano zote, wiki ya tatu ningeipa moja, na mara zote mbili ningekuwa nawadanganya. Ndo maana nimesubiri.

Kwanza kwanini nilinunua. Nilijifungia nje. Akaja fundi wa funguo, akapiga goti mbele ya kitasa, vyuma vyake viwili tu mkononi, hata dakika mbili hazijaisha mlango huo wazi. Nikamuuliza fundi hapo umefanyaje, akacheka, "mkono tu bosi", akakusanya vitu vyake akaondoka. Aisee hilo jibu lilinikera siku kadhaa. Mkono tu, mkono gani? Usiku nikaanza kusoma soma, nikakuta kumbe kuna watu kibao duniani wanafanya hii kitu kama mchezo, wana vilabu na mashindano kabisa, wanakaa mezani na makufuli yao kama wengine wanavyokaa na bao. Nikaagiza seti ya wanaoanza.

Ndani ya kimkoba kuna vichokonoo 15, vikazio 5 (vile vyuma vilivyopinda kama herufi L, unaviingiza kwenye tundu la ufunguo kukaza silinda huku unachokonoa), kifaa cha kutolea kipande cha ufunguo uliokatikia ndani, kufuli la plastiki linaloonyesha ndani, silinda moja ya shaba iliyokatwa ubavuni, na kijikaratasi cha maelekezo ambacho ntakisema baadae maana kina kesi yake.

Kwa asiyejua inavyofanya kazi nieleze haraka. Kufuli la kawaida lina silinda ndogo inayozunguka ndani ya nyumba yake, na kuna vitundu vimepita kote kuwili, kila kitundu kina pini mbili zimepandana na springi inazisukuma. Ufunguo kazi yake ni kuinua kila pini kwa kimo chake ili pale pini mbili zinapokutana pawe sawa na ukingo wa silinda, zote zikikaa sawa silinda inazunguka. Ukiwa huna ufunguo zile pini za nje zinakuwa nusu huku nusu kule, zimezuia. Wazo lenyewe la zamani sana, Wamisri wa kale walikuwa na makomeo ya mbao yenye pini, alafu Linus Yale Jr. wa Marekani miaka ya 1860 ndo akaleta hii silinda ya chuma na ufunguo bapa unaotembea nao mfukoni.

Sasa vile vitundu vingekuwa vimetobolewa kwenye mstari ulionyooka kabisa, basi hii hobi isingekuwepo. Lakini hakuna kiwanda kinachoweza, lazima kimoja kipishane na mwenzake kiasi cha unywele, kwahiyo ukikaza silinda kidogo pini zote hazibanwi pamoja, inabanwa moja, zingine zinacheza cheza tu. Unaitafuta hiyo moja, unaisukuma taratibu, tik, inakaa, silinda inasogea kidogo sana yaani unaisikia kwenye kidole zaidi ya kuiona, alafu inabanwa nyingine. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Ndo siri yote hiyo, hakuna nyingine.

Haya turudi kwenye seti. Kufuli la plastiki nilifungua usiku ule ule wa kwanza, dakika kama 10. Kesho yake sekunde 20. Keshokutwa nikawa nawaita watu waje kuangalia, mtoto wa dada akapiga makofi, mi kichwa kimevimba. Nikatoa kufuli la kawaida lililokuwa kwenye droo miaka yote halifungi kitu, la pini 4 tu, la bei rahisi, nikakaa nalo. Wiki nzima. Hakuna. Halikusogea hata kidogo, nikahisi labda limeshika kutu, nikaweka ufunguo wake, linafunguka kama siagi.

Ilinichukua muda kuelewa tatizo ni lile la plastiki. Lile limetengenezwa kwa kulegea kiasi kwamba ukipitisha kichokonoo ndani bila mpango pini zinakaa zenyewe. Na baya zaidi macho ndo yanafanya kazi, unaiona pini imefika unaacha, kidole hakijifunzi chochote. Nikalizungushia solotepu nyeusi lote nisione ndani, na ghafla lile kufuli la sekunde 20 likanichukua dakika 7! Hapo ndo nikakubali kwamba sijui kitu. Ushauri wangu, ukinunua hii seti lione siku moja, elewa pini zinavyopanda, alafu lifunike au liweke pembeni kabisa, tafuta kufuli la kawaida la pini chache.

Kosa la pili lilikuwa kukaza. Jamani. Nilikuwa nakaza utadhani nafungua nati za gurudumu, na kile kijikaratasi kimeandika kabisa "kaza kwa nguvu kisha sukuma pini". Si kweli hata kidogo, huko ni kukunja vyuma vyako bure. Ukikaza sana pini zote zinabanana, hujui ipi ni ipi, na ukizisukuma ni kwa mabavu unazipitisha juu ya mstari wake zinakwama huko. Kipimo nilichokuja kukitumia ni ukucha: weka ncha ya kidole kwenye kikazio, ukucha ukianza kuwa mweupe umezidisha. Kidole kiegemee tu, kama umegusa kitu usitake kiamke. Siku nilipolegeza hivyo ndo lile la pini 4 likafunguka, nilikuwa nimekaa chini sebuleni taa imezimwa, nikasikia tik, tik, kimya kirefu, tik, alafu ile pingu ya juu ikaruka yenyewe, nikapiga kelele kama nimefunga goli.

Vyuma vyenyewe sasa. Kati ya vichokonoo 15 mi natumia 3, ndoano fupi, ndoano ya kati, na ile yenye mawimbi kama nyoka ya kukwangua haraka haraka. Vingine 12 ni vya kujaza mkoba, sijui hata aliyevichora alikuwa anawaza nini. Unene wake ni kama 0.6 mm, kwenye tundu pana sawa, ila kwenye tundu jembamba lenye kona kona havipiti vizuri, utahitaji vya 0.4 mm na humu hamna. Kingo hazikusuguliwa, ukipapasa unasikia ukali, zinakwaruza pini na unapata kelele nyingi za uongo kwenye mkono. Nilichukua msasa laini nikavisugua jioni moja, tofauti kubwa. Vishikio vimevalishwa mpira laini unaoteleza, nikavua, mpira unameza ule mtetemo unaoutafuta.

Kikazio kinachokaa juu ya tundu hawajaweka, vyote ni vya kukaa chini na vinakula nafasi ya kichokonoo. Nilitengeneza changu kwa kile chuma chembamba kinachokaa ndani ya raba ya waipa ya gari, nikakikunja kwa koleo, na mpaka leo ndo ninachokitumia kuliko vyote. Yaani chuma cha bure kimeshinda vitano vya kununua.

Ndoano moja ilivunjikia ncha ndani ya kufuli wiki ya tano, kosa langu nusu, chuma nusu. Kile kifaa cha kutolea vipande kikapata kazi siku hiyo, kilifanya vizuri, nakisifia.

Kero kubwa ni ile silinda ya shaba. Hakuna mahali wameandika kwamba ndani yake kuna pini za mtego, zile zenye umbo la rili ya uzi, nyembamba kiunoni. Kwa mtu mpya hiyo ni dhuluma. Unachokonoa, silinda inageuka kidogo kabisa unaona hii hapa imefunguka, kumbe ile pini imeshika kiunoni na silinda imesimama hapo haendi mbele. Nimekwama hapo wiki 2 nikidhani seti ni mbovu. Kumbe kugeuka huko ndo habari njema, inakwambia uko karibu. Unatakiwa upapase pini moja moja, ukigusa ile yenye mtego utahisi silinda inataka kurudi nyuma inakisukuma kidole chako, na wewe badala ya kuishikilia unailegezea irudi kidogo tu, unaendelea kuisukuma pini, inakaa. Kulegeza ili uende mbele, akili inakataa kabisa mwanzoni. Wangeandika mstari mmoja tu kwenye kile kijikaratasi ningeokoa wiki 2 za maisha yangu.

Nilijifariji na kisa cha Alfred Hobbs. Kampuni ya Bramah pale London iliweka kufuli lao dirishani mwaka 1790 na ahadi ya gini 200 (gini ni sarafu ya dhahabu ya Waingereza wa zamani) kwa atakayelifungua bila ufunguo, likakaa hapo zaidi ya miaka 60, mpaka 1851 Hobbs, fundi makufuli kutoka Marekani, akalifungua. Saa 51 za kazi, amezigawa kwenye siku 16! Nani mimi nilalamike.

Jambo moja naomba mnisikilize maana limenigharimu. Wenye hobi hii wana sheria mbili wanazirudia kila mahali, usichokonoe kufuli lisilo lako, na usichokonoe kufuli linalotumika. Ya kwanza kila mtu anaelewa. Ya pili niliidharau nikajaribu kitasa cha mlango wangu mwenyewe, kikafunguka, nikafurahi nikaendelea kuzungusha silinda mpaka nusu mzunguko. Sasa silinda ikigeuka hivyo tundu la ufunguo linakaa chini ya vile vitundu vya pini na halina ufunguo wa kulijaza, pini zikadumbukia humo zikakwama. Haizunguki mbele haizunguki nyuma, ufunguo hauingii. Ikabidi nimpigie yule yule fundi wa "mkono tu bosi". Alichungulia tundu, akaniangalia, akachungulia tena. "Umeanza lini?" Sitasema nilijisikiaje.

Na kabla hujaagiza angalia sheria za nchi uliyopo, nchi nyingi kuwa navyo tu sio kosa ila kuna kwingine ni kosa, mfano Japani kuwa na hivi vyuma bila sababu ya msingi unaingia matatani. Na usitembee navyo mfukoni bila sababu, utamweleza nini askari saa nne usiku.

Kwa ujumla nyota 3. Moja kwa ndoano mbili nzuri, moja kwa kile cha kutolea vipande, moja kwa lile kufuli la plastiki kwa ile siku moja ya kuelewa pini. Nyingine mbili nimezikata kwa kijikaratasi na kwa kutosema kuhusu mtego. Ningeanza upya leo ningenunua ndoano mbili peke yake, vikazio viwili bapa vya juu, na makufuli matatu ya kawaida ya ukubwa tofauti, basi.

Muuzaji nilimwandikia kuhusu maelekezo, akanijibu asante kwa kununua. Vile vichokonoo 12 bado viko kwenye nailoni yake, anayevitaka aseme.