“Mama, mwiko wako ni ule wa sufuria”: uzoefu wangu na fundi wa vigae vya jikoni

Nilijiahidi nisiandike mpaka hasira ipoe. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Nilimwita fundi anibandikie vigae kwenye ukuta wa jikoni, ile sehemu kati ya kaunta na makabati ya juu inayorukiwa na mafuta na maji ya sinki kila siku. Kazi yenyewe si kubwa, kimo chake ni kama sentimita 45 tu. Vigae nilinunua mwenyewe, nikaongeza asilimia 10 ya vile vitakavyovunjika wakati wa kukata, nikakagua maboksi yote yawe na namba moja ya toleo ili rangi isije ikapishana ukutani. Nayasema haya mjue kwamba sikuwa nimekaa tu nikisubiri kufanyiwa. Nilijua ninachotaka.

Alikuja asubuhi na kijana msaidizi wake. Nimpe haki yake kwanza: yule baba anajua kukata kigae. Kwenye soketi ya ukutani panatakiwa tundu la pembe nne katikati ya kigae, na hapo ndipo wengi huharibu. Yeye alipima mara mbili, akachora kwa penseli, akapitisha grenda kwa nyuma mikato minne, pembe akazimalizia kwa koleo kidogo kidogo kama mtu anayekata kucha za mtoto mchanga. Kilipokaa ukutani, kifuniko cha soketi kiliziba tundu lote. Nilisimama pale nikifurahi kwa dhati. Na ndiyo maana yaliyofuata yameniuma zaidi. Angekuwa hajui kazi ningemsamehe siku ile ile.

Ukuta wangu ulikuwa na rangi ya mafuta, ile inayong'aa ambayo uchafu wake unaufuta kwa kitambaa. Gundi ya vigae ni jamii ya saruji. Inataka ukuta wenye mikwaruzo na vitundu ili ipate pa kung'ata, na kwenye rangi ya mafuta haipati. Inashika rangi tu, halafu unabaki kuomba Mungu rangi nayo iendelee kushika ukuta. Kwa hiyo ukuta wa namna hiyo hudonolewa kwanza kwa nyundo na patasi, au rangi ikakwanguliwa yote. Nilipoona gundi inakorogwa kwenye ndoo na ukuta bado unang'aa vile vile, nikamuuliza kwa adabu: “Samahani fundi, huo ukuta hauudonoi kwanza?”

Hata kugeuka hakugeuka. “Mama, mwiko wako ni ule wa sufuria. Huu niachie mimi.”

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Kijana msaidizi akainamisha macho kwenye ndoo. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza kule najuta mpaka leo. Ule ukuta nitausugua mimi kila jioni kwa miaka. Nimeulizia jambo la kweli, nyumbani kwangu, kwa pesa yangu, halafu naambiwa nirudi kwenye sufuria! Kama swali langu lilikuwa la kijinga angelijibu kwa maneno mawili tukaendelea. Hakulijibu kwa sababu jibu hakuwa nalo.

Nikaendelea kuangalia, nikazidi kuona. Mwiko wenye meno ulikuwa kwenye mfuko wake na haukutoka. Huo ndio wa kusambazia gundi iwe mistari mistari, ili kigae kikikandamizwa mistari ilale na iungane, hewa itoke. Yeye alikuwa anatupia matonge matano nyuma ya kigae, manne pembeni na moja katikati, anabandika, anagonga kwa mpini, anachukua kingine. Kanuni inayofuatwa kwa vigae ni gundi ishike angalau asilimia 80 ya mgongo wa kigae mahali pakavu, na 95 panapolowa maji. Matonge matano hayafiki hata nusu. Grauti ya kujazia mianya akaitia alasiri ile ile, wakati mfuko wa gundi umeandikwa kusubiri saa 24. Nilisoma mwenyewe, mfuko ulikuwa miguuni pangu.

Lakini jioni jiko lilikuwa limependeza, lazima niseme. Mistari imenyooka, pima maji ilikaa katikati kila nilipoiweka. Nikapiga picha nikawatumia dada zangu. Nikaanza hata kujiambia labda mimi ndiye niliyekosea, labda mtu mwenye mkono kama ule anajua njia zake.

Wiki chache zikapita, sikumbuki ngapi. Usiku, wote tumelala, kitu kikaanguka jikoni kwa kishindo. Nilikuta kigae kimoja cha nyuma ya jiko kimepasuka vipande viwili juu ya kaunta. Nikaokota kipande kikubwa nikakigeuza. Matonge yalikuwa palepale, makavu, magumu, na kati yake mgongo wa kigae ni safi kama ulivyotoka kwenye boksi. Na juu ya kila tonge kulikuwa na utando wa rangi yangu ya ukuta, laini, mzima, kama gamba alilojivua nyoka. Gundi ilikuwa imeshika vizuri sana. Imeshika rangi. Rangi ndiyo iliyoachana na ukuta, kama nilivyosema.

Nikachukua mwiko wa kupikia, ule ule wa sufuria, nikaanza kugonga vilivyobaki kimoja kimoja. Kigae kilichoshika hutoa sauti fupi, nzito. Kilicho na uwazi nyuma hulia kama mtungi mtupu. Kila kilicholia nilikibandika kipande cha utepe wa karatasi. Nilipomaliza, ukuta ulikuwa na tepe nyingi kuliko vigae vitupu, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli saa nane za usiku natetemeka mikono.

Simu hizo! “Nakuja kesho.” “Niko kazini mbali kidogo.” “Nitakupigia.” Sitaki kuzikumbuka.

Alipokuja hatimaye, salamu kwa shida, akatazama ukuta na tepe zangu. “Hilo ni joto la jiko lako, mama. Unapika na moto mkali.” Kilichoanguka ni kimoja cha nyuma ya jiko, sawa, lakini vilivyolia vilifika mpaka kule sinki, ambako hakuna moto wowote. Safari hii sikubishana. Nilimpa kile kipande mkononi, mgongo juu.

Alikishika muda mrefu. Akaukwangua ule utando wa rangi kwa kucha, ukatoka wote kwa mara moja. Hakusema neno. Aliyesema ni kijana, kwa sauti ya chini: “Bosi, hatukuudonoa.” Nilifikiri atamkaripia. Akamwambia tu, “Lete patasi.”

Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa, kwa sababu nilianza kuandika nikitaka kuwaambia msimkaribishe mtu huyu hata mlangoni. Walifanya kazi siku mbili na malipo hakuyadai. Walibandua vyote, hata vichache vilivyoshika. Ukuta ulidonolewa mpaka ukawa na vidonda kila upana wa vidole viwili, vumbi likafagiliwa kwa brashi, kitambaa chenye maji kikapitishwa. Gundi ikakorogwa, ikaachwa itulie dakika chache, ikakorogwa tena. Mwiko wenye meno ukatoka kwenye mfuko. Kijana, bila kuombwa, alibandua kigae kibichi alichokuwa ametoka kukibandika, akaja kunionyesha mgongo wake: gundi imeenea mpaka kwenye kingo. “Hivi ndivyo inavyotakiwa, mama,” akasema, akakirudisha. Grauti wakaitia siku iliyofuata. Nimegonga ukuta wote tena kwa mwiko wangu. Haulii popote.

Kwa hiyo kazi ya pili ni nzuri. Ni nzuri kuliko kazi nyingi nilizoziona kwenye nyumba za watu, na ile soketi akaikata upya kwa ustadi ule ule. Anaweza. Kumbe siku zote aliweza! Basi kwa nini kigae kivunjike usiku ndipo afanye anachokijua? Kingeanguka mchana binti yangu akiwa anaosha vyombo ningekuwa naandika habari nyingine.

Na “pole” sikuisikia. Siku mbili nzima nimemkalia hapo kwenye stuli, nikawapa maji ya kunywa, nikisubiri neno moja. Wakati wa kuondoka alifunga mfuko wake akasema, “Haya mama, sasa upike.” Labda alidhani ananitania tukapatana. Mimi nilisikia sufuria ile ile. Nilikuwa nimeanza kumsamehe, nikarudi nyuma hatua zote.

Mkiniuliza kama ni wa kuitwa, jibu langu linabadilika kulingana na saa. Asubuhi nikiutazama ukuta nasema ndiyo, mwiteni, ila msiondoke jikoni, na gundi isikorogwe kabla hamjaona ukuta umedonolewa kwa macho yenu. Jioni nikikumbuka binti yangu mlangoni nasema hapana. Kijana yule ningemwita kesho, peke yake. Niliomba namba yake wakati bosi anapakia vifaa, na sikujificha.

Kuna jambo moja limebaki. Pale kigae kinapokutana na kaunta walijaza grauti, na juzi nimeona ufa mwembamba umeanza kona ya sinki. Mahali hapo kaunta na ukuta kila kimoja kina mwendo wake, grauti ni ngumu, haiwezi kuvumilia. Panataka silikoni inayovutika. Sikumpigia mtu. Nimeikwangua ile grauti kwa kisu kisicho na makali, nikafuta, nikaacha pakauke vizuri, nikabandika utepe juu na chini, nikapitisha silikoni na kuilainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni. Binti yangu ndiye aliyeshika taa. Maji bado hatujayafungulia hapo, inatakiwa ikae mpaka kesho.