NSSF au hatifungani: akiba ya uzeeni uiweke wapi?

Chukua slipu ya mshahara wa shilingi 1,000,000. Asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, inakatwa kabla ya PAYE, yaani kodi ya mshahara, kwa hiyo kodi inapigwa kwenye 900,000. Hapo unaokoa 25,000 kila mwezi, na mwajiri naye anachangia. Hatifungani, yaani mkopo unaoipa serikali kwa riba, hapo haifui dafu: unainunua kwa pesa iliyokwishakatwa kodi.

Ila riba ya hatifungani ya serikali ya miaka 20 haikatwi kodi, inaingia benki mara mbili kwa mwaka, na ukikwama unaiuza, ingawa bei yaweza kushuka. Pensheni ya NSSF inataka michango ya miezi 180, na umri wa miaka 55 au 60.

Mwajiriwa, NSSF inakatwa tu kwenye mshahara wako, kwa hiyo panga ile ziada inayobaki. Mwenye duka Kariakoo, asiye na mwajiri wa kumchangia, ningemwambia aanze na hatifungani, mradi pesa ya mzigo asiiguse.