Gemu za timu ndogo zinadumu? Among Us ukiicheza Mtwara kwa hotspot

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo nachambua Among Us ya kwenye simu, na najua kuna mtu hapo ashaanza kusema aah hiyo si gemu ya kipindi cha korona, ishakufa hiyo. Haijafa, na ndo maana nimeichagua, maana kila nikiwaonyesha gemu mpya ya kucheza wengi iliyotengenezwa na timu ya watu wachache mnaniuliza swali lilelile, hii itadumu au tunachoma bando bure? Kwa mtu wa Mtwara au Lindi hilo ni swali la hela kabisa. Unadanlodi mamia ya MB, unawashawishi washkaji nao wadanlodi, mnanogewa, alafu siku moja mnaingia hamna mtu, unakaa kwenye skrini ya kusubiri mpaka chaji inaisha.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane. Gemu ya timu ndogo inaweza kudumu vizuri tu, ila kabla hujaipa muda wako jiulize inahitaji watu wangapi ndo iwe tamu. Kama sita saba wanatosha, hiyo ina maisha. Kama inataka watu mia mbili kwa wakati mmoja, kuwa makini hata kama leo umeikuta imejaa mpaka mlangoni.

Sasa tuiangalie hii Among Us. Ilitoka Juni 2018, kampuni inaitwa Innersloth, ya Marekani, na wakati huo walikuwa watu watatu tu. Wazo lao la mwanzo kabisa ilikuwa gemu ya simu ya kuchezwa na watu mliokaa sehemu moja, sio ya mtandaoni. Kwa asiyejua, mko kwenye chombo cha anga, kila mtu anapewa taski zake, nyaya, takataka, mafuta, na kati yenu kuna imposta anayewaua kimyakimya, mkikuta maiti mnaitisha kikao mnabishana alafu mnapiga kura nani atupwe nje. Basi. Ikatoka, hamna aliyeijali. Walikuwa wanaingia kama watu 30 mpaka 50 kwa wakati mmoja, na hapo naongelea dunia nzima, sio wilaya. Wenyewe walishasema kwenye kujitangaza walikuwa wabovu, na walifikiria kuiacha zaidi ya mara moja, wakabaki kwa sababu kale kakundi kadogo kalikuwa kanaipenda kweli na hakakai kimya.

Hapo ndo nataka mnisikilize vizuri. Watu 30 kwenye hii gemu ni nini? Kipindi hicho chumba kimoja kilikuwa kinajaa kwa watu kumi, kwahiyo 30 ni vyumba vitatu vimejaa, watu wanauana, wanabishana, wanacheka, gemu inachezeka kama kawaida. Yaani kwa karibu miaka miwili hii kitu ilikuwa haina umati lakini ilikuwa haijavunjika. Ndo maana ilipochukuliwa na watu wa Korea Kusini na Brazil, alafu katikati ya 2020 wastrimu wakubwa wa Twitch, ule mtandao wa kuonyesha watu wakicheza gemu laivu, wakaidaka, ilikuta bado ipo hai inawasubiri. Septemba 2020 kwenye Steam peke yake, lile duka la gemu za kompyuta, walipita laki nne kwa wakati mmoja, na Novemba mwaka huohuo kampuni ya SuperData ilikadiria waliocheza mwezi mzima ni karibu nusu bilioni. Innersloth walishatangaza kutengeneza Among Us ya pili mwezi wa 8, mwezi wa 9 wakaifuta wakasema tunaikarabati hiihii. Uamuzi mzuri sana ule, nawapa heshima, maana timu ndogo ukiwagawa kwenye gemu mbili unaziua zote.

Sasa linganisha na BattleBit Remastered. Hii ni ya kompyuta, ya vita, ilitengenezwa na jamaa watatu pia, ikatoka Juni 2023 kwa dola 15, na sifa yake kubwa ni kwamba ramani moja inaingiza mpaka watu 254. Mwanzoni ilikuwa moto, ilifika watu kama 87,000 kwa wakati mmoja kwenye Steam, jamaa watatu wanashindana na makampuni yenye watu elfu, nilifurahi sana kwa kweli. Alafu maapudeti yakachelewa, kimya kikawa kirefu, watu wakaanza kupungua. Na ubaya wa gemu ya watu 254 ni kwamba ikipungua inaonekana haraka, seva ina watu 40 wametawanyika kwenye ramani kubwa, unakimbia dakika tatu hujaona adui, unachoka unatoka, ukitoka umempunguzia na mwenzako utamu, naye anatoka. Wale watu 30 waliokuwa wanaiweka Among Us hai wangeingia kwenye ramani ya BattleBit wasingekutana.

Ni sawa na chandimu na mechi ya uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara. Chandimu mkiwa wanane mnagawana, mnaweka mawe ya goli, mnacheza. Nangwanda ukiingia jukwaa tupu hata mpira wenyewe unapooza, japo wachezaji ni walewale.

Haya turudi kwenye simu, niwaambie inavyochezeka huku. Mtandaoni seva zake zimegawanywa Amerika Kaskazini, Ulaya na Asia, Afrika haipo, kwahiyo sisi tunaingia Ulaya na pingi, yaani ule ucheleweshaji wa kwenda na kurudi kwenye seva, inakuwa kubwa, ila kwa gemu hii haiumizi sana kwa sababu sio ya kulenga shabaha, ukichelewa kidogo kufanya taski hamna anayekufa kwa hilo. Gemu za risasi ndo zinatutesa hapo, unapiga wewe kwanza alafu unakufa wewe.

Lakini mimi mtandaoni siipendi sana, nasema ukweli. Unaingia na watu usiowajua, wanaandika kiingereza haraka haraka, mtu akiona yeye sio imposta anatoka, dakika moja chumba kimevunjika. Utamu wa kweli upo kwenye ile ya Local. Mmoja anawasha hotspot, wengine wote mnajiunga kama wifi ya kawaida, mtu mmoja anaunda chumba, mnaingia. Bando halitumiki kwenye kucheza. Na mwenye hotspot azime data kabisa, tafadhali sana, la sivyo simu za wenzake zitaona kuna wifi na zitaanza kuapudeti mambo yao yote kwa MB zake. Kingine, wote muwe na toleo moja la gemu, ndo ugomvi mkubwa huo, mmoja ana la zamani chumba kinamkataa, sasa hapo kati ya Mikindani na Mtwara mjini mnaanza kumtafutia mtu bando. Ifungueni mara moja mkiwa na mtandao kabla hamjakutana.

Simu haihitaji kuwa ya bei. Tecno, Infinix, itel za kawaida zinaibeba, michoro yake ni rahisi, haichemshi simu kama zile gemu za vita. Bure ina matangazo katikati, yanaudhi, na kuna duka la kofia na manguo ambalo halikuongezei nguvu yoyote ndani ya gemu, hilo nalipenda, mwenye hela na asiye na hela wote wanauawa sawa.

Idadi ya watu, gemu inakubali kuanzia wanne mpaka 15, ila wanne usijisumbue, imposta akiua wawili tu ishaisha. Anzeni na saba, na kwa saba wekeni imposta mmoja, wawili ni wengi. Muda wa majadiliano uongezeni, uliowekwa ni sekunde 15 tu, ule ni wa watu wanaochati. Sisi tunaongea kwa mdomo, tumekaa barazani, mtu anaapa mpaka kwa bibi yake aliyeko Newala kwamba hajapita kwenye chumba cha umeme, mwingine anasema nilikuona unatoka kwenye venti, yale matundu ya hewa anayopita imposta, kelele, hapo ndo kwenye gemu yenyewe. Sheria moja tu muishike, taski zikiendelea hamna kuongea, na ukifa unanyamaza, maiti anayetoa ushahidi anaharibu kila kitu. Mkichoka kubishana kuna ile ya kujificha waliyoiweka Desemba 2022, imposta anajulikana tangu mwanzo na nyie mnakimbia, kombolela kabisa, watoto wanaipenda zaidi.

Na hili la kucheza bila mtandao sio jambo dogo kwetu. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilivyokatika, EASSy na Seacom kwa pamoja, nchi nzima intaneti ikawa ya kubahatisha? Siku zile gemu zote kubwa kwenye simu yangu zilikuwa picha tu, hazifunguki. Zilizokuwa zinachezeka ni zile za hotspot. Hii, na Mini Militia, ambayo nayo ni gemu ya siku nyingi ya kampuni ndogo, inaingiza mpaka watu 12 kwa wifi ya karibu, na mpaka leo ukikaa na vijana waliosoma bweni wengi wataitaja kwa mapenzi. Hamna aliyeitangaza huku. Ilipita simu kwa simu.

Kwa wenye kompyuta mtaniambia mbona umesahau Lethal Company, sijasahau. Mtu mmoja kaitengeneza, ikatoka Oktoba 2023 kwa dola 10, ikapita watu laki mbili kwa wakati mmoja, na ni ya watu wanne. PEAK ya Juni 2025 nayo ni ya kupanda mlima mpaka watu wanne, dola 8 hivi, iliuza milioni moja ndani ya wiki. Mnaona zinavyofanana? Watu wanne unawatoa kwenye simu yako mwenyewe, huhitaji kusubiri dunia ikuletee.

Kitu kimoja bado kinaniuma kwenye gemu za namna hii, ni seva. Knockout City, gemu ya mtandaoni ya kurushiana mipira, ilifungwa tarehe 6 Juni 2023, miaka miwili tu tangu itoke, lakini kabla ya kufunga watengenezaji wake waliacha toleo la bure la kompyuta ambalo watu wanaweza kuwasha seva yao wenyewe. Walifanya uungwana, na natamani kila mtengenezaji afanye hivyo. Watu wamenunua, wamejifunza, wamejenga urafiki humo ndani, sio sawa siku moja mtu azime swichi basi.

Kwahiyo Among Us naipa tisa kwa kumi kama una watu saba wa kukaa nao, na tano kama utaicheza peke yako na wageni wa mtandaoni. Msimu wa korosho ukifunguka mwezi wa 10 najua wengi mtabadilisha simu, muuzaji atakujazia magemu kibao humo, mwambie hii aiweke na uangalie toleo. Wiki ijayo nitaiwasha Mini Militia tuone kwenye simu za saivi inaendaje, mwenye watu wa kutosha Lindi mjini aniambie, nije na simu zangu.