RK84: kibodi moja kwa kazi ya mchana na gemu za usiku

Ukiingia maduka ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ukaulizia kibodi ya gemu isiyo na waya, utawekewa mezani ile ndogo kabisa ya vitufe 61, taa zote zimewashwa, rangi zinakimbizana. Inapendeza, sikatai. Lakini kwa mtu anayekula kwa kuandika, ile ni mapambo. Mimi nimenunua RK84 ya Royal Kludge, yenye vitufe 84, na nataka kueleza kwa nini, maana maswali ninayoulizwa na wenzangu yanahusu taa na rangi, na hayo ndiyo mambo ya mwisho kabisa kuangalia.

Kazi yangu ni kunakili mahojiano. Watafiti wananitumia sauti za wakulima, wauguzi, waendesha bodaboda, na mimi nazigeuza maandishi ya Kiswahili neno kwa neno, pamoja na "eeh" na "yaani" zao zote. Usiku, mtoto akishalala, nacheza Counter-Strike 2. Meza ni hiyohiyo, nyumba ni vyumba viwili Sinza, kibodi ni moja. Kwa hiyo sikuwa natafuta kibodi ya gemu wala ya ofisi. Nilitaka inayofanya yote mawili, halafu iingie kwenye begi la laptopu nikienda kwa mteja Posta kwa mwendokasi.

Tuanze na vitufe vyenyewe. Kibodi ya vitufe 61 imepata udogo wake kwa kuondoa mistari mizima: hakuna F1 hadi F12, hakuna mishale, hakuna Delete, Home wala End. Vyote vimefichwa chini ya kitufe cha Fn, unashika hicho huku unabonyeza kingine. Kwenye gemu hilo halikusumbui sana, ingawa kitufe cha pembeni kushoto juu, ambacho Counter-Strike hukitumia kufungulia konsoli (kidirisha cha kuandikia amri), mahali pake pamechukuliwa na Esc. Ila njoo kwenye kunakili. Programu yangu nimeipangia F7 kurudisha sauti nyuma na F9 kuicheza au kuisimamisha. Mzungumzaji akimeza neno, kidole kinaenda F7, nasikiliza tena, naendelea. Nafanya hivyo mchana kutwa. Ukiniambia kila mara nishike na Fn, mkono wa kulia utaacha herufi zake na mwendo wote unakatika. Na kusahihisha bila mishale ndiyo adhabu kabisa: Ctrl na mshale kuruka neno zima, Shift ukiongeza kulichagua. Asiyetumia hizo njia hajui anachokosa, anayezitumia hawezi kuziacha.

Kuna za katikati, za vitufe 68, kama RK68 na Keychron K6. Hizo mishale zinayo ila mstari wa F hazina. Mwanafunzi anayeandika insha na kucheza gemu, hiyo inamtosha kabisa na begi linakuwa jepesi. Mimi F7 ndiyo mkate wangu, kwa hiyo nilipanda hadi 84.

Kwenye 84 mshindani wa karibu ni Keychron K2. Imetengenezwa vizuri, ina swichi ya kubadilisha kati ya Mac na Windows, na mpangilio wake naupenda. Lakini K2 ya kawaida inaunganishwa kwa Bluetooth au kwa waya basi. Ukitaka na kile kirisiva cha USB cha 2.4 GHz, yaani kidude unachochomeka kwenye laptopu kikapokea kibodi bila waya, unapanda kwenye matoleo yao ya Max, na bei nayo inapanda. RK84 ina vyote vitatu. Hapo ndipo nilipoamua.

Kirisiva kina umuhimu gani? Kibodi ya gemu kwa waya au kwa kirisiva kizuri hujiripoti kwa kompyuta mara 1000 kwa sekunde, yaani kila milisekunde moja. Bluetooth kwa kawaida ni mara 125 hivi, kila milisekunde nane. Tofauti hiyo peke yake hutaiona unapoandika barua. Shida ya Bluetooth ni usingizi: ukikaa kimya kidogo unasikiliza mahojiano, kibodi inalala kutunza betri, na ukirudi kuandika, herufi ya kwanza au ya pili inapotelea njiani wakati inaamka. "Mgonjwa" inaanza na g. Kwa hiyo Bluetooth nimeiachia simu, kujibu meseji ndefu za wateja, na laptopu inatumia kirisiva.

Hapohapo niseme jambo ambalo wauzaji hawatakwambia. Sasa kuna kibodi zinazojisifu kujiripoti mara 8000 kwa sekunde, na nyingine bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Sisi wa Dar tukicheza Counter-Strike, seva iliyo karibu nasi ni ya Johannesburg, na kufika huko na kurudi tayari ni makumi ya milisekunde, mtandao ukiwa umetulia. Kuokoa sehemu ya milisekunde moja kwenye kibodi halafu ukaipoteza mara hamsini njiani, hiyo hesabu haikai. Pesa hiyo weka kwenye intaneti nzuri. Au nunua kiti.

Kirisiva nacho kina tabia zake. Masafa ya 2.4 GHz ndiyo yaleyale ya Wi-Fi nyingi za nyumbani na za Bluetooth, na matundu ya USB 3, hasa ukiwa umechomeka diski au flashi inayofanya kazi, hutoa kelele kwenye masafa hayohayo. Ukiona herufi zinaruka, usikimbilie kurudisha kibodi dukani. Chomeka kirisiva tundu la upande mwingine, au tumia kawaya kafupi ka USB kukasogeza mbali na diski. Mimi nimekaweka mbele ya laptopu, karibu na kibodi, na mambo yametulia.

Sasa swichi, na hapa ndipo watu wanagombana. Kibodi hizi, zinazoitwa za mekanika, kila kitufe kina swichi yake yenye springi; za bei ya chini huwa na mpira chini ya vitufe badala yake. Mtindo unaofuatwa na wengi ni wa Cherry, kampuni ya Ujerumani, ambao umekuwepo tangu miaka ya 1980. Hati miliki zake zilipokwisha, viwanda vya China kama Gateron na Kailh vikatengeneza zinazoingiliana nazo, ndiyo maana leo kibodi ya namna hii inafikika na mtu wa kawaida. Rangi ndiyo lugha yake. Nyekundu inashuka laini moja kwa moja. Kahawia ina kijigongo kidogo katikati, kidole kinajua herufi imeshaandikwa. Bluu ina kijigongo na mlio.

Dukani walikuwa na ya bluu imefunguliwa, wakaniacha niijaribu kwa raha zangu. Kijana wa pale akanisifia: "Dada, hii ukiandika jirani anajua upo kazini." Alidhani ananishawishi. Nyumbani kuna shemeji yangu aliwahi kuacha ya bluu kwetu kwa muda, na usiku mmoja baba Nasra aliinuka kitandani akaniuliza, "Mama Nasra, saa saba hii unakaanga bisi?" Swichi za bluu ziwe za mtu anayekaa peke yake, basi.

Wachezaji wengi watakwambia uchukue nyekundu. Ni nyepesi kubonyeza, inataka uzito wa kama gramu 45 tu, na kwenye gemu kidole kikiegemea W muda wote hakichoki. Kwa kuandika mimi zinanipa taabu: kidole kikipumzika tu juu ya kitufe, herufi imetoka. Nilichukua kahawia. Wapo wanaoziponda, wanasema kijigongo chake ni kama hakipo. Kwangu kinatosha, na mlio wake unamezwa na feni.

Kuna kitu kingine kinachotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili, na sijakiona kwenye maelezo ya kibodi yoyote. Kidole kidogo cha kushoto tunakionea. A ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote katika lugha yetu. Chukua "wakawaambia": herufi 11, A tano. Halafu usiku unakwenda kwenye gemu, na A hiyohiyo ndiyo ya kusogea kushoto. Q kwa upande wake inakaa bure mchana wote, inapata kibarua usiku tu kurudisha silaha ya awali, na X ndiyo hohehahe kabisa. Matokeo yake, kwenye kibodi yangu ya zamani, ya mpira, alama ya A ilifutika yote na kitufe kikawa kinang'aa, huku Q ikiwa mpya kama ilivyotoka kiwandani.

Kwa hiyo mambo mawili ulizia. Kwanza, kofia za vitufe ni plastiki gani: za PBT hazing'ai upesi, za ABS huanza kuteleza na kung'aa, na kwa jasho la Dar, hata ndani ya miezi miwili si ajabu. Pili, kama swichi zinang'oleka bila kuchomelea. RK84 huuzwa kwa namna hiyo, na kikoleo cha kung'olea kimo ndani ya boksi. Swichi ikichoka huanza kurudia herufi, unabonyeza mara moja inaandika mbili. Kwa Kiswahili hiyo ni hatari ya kimyakimya, maana A mbili zikifuatana ni kawaida yetu; "kupanda" ikitoka "kupandaa" jicho linaweza kupita, na kisahihishaji cha kompyuta hakikusaidii sana. Siku hiyo ikifika, unang'oa ya A, unahamishia pale ya X iliyokuwa imelala, na kazi inaendelea bila kwenda kwa fundi. Angalia tu pini za swichi zisije zikapinda unapoirudisha. Isimamishe wima, ikanyage katikati.

Kuhusu kununua. Kaa chonjo na boksi zilizoandikwa kwamba kibodi ina "hisia ya mekanika". Hiyo ni ya mpira iliyovalishwa suti. Kipimo changu ni hiki: fungua sehemu yoyote ya kuandikia, bonyeza kitufe polepole sana. Kwenye mekanika ya kawaida safari ni milimita nne na herufi inatokea karibu na nusu yake, kabla kidole hakijafika chini. Ya mpira inakusubiri hadi ugonge sakafu. Halafu omba wang'oe swichi moja uione kwa macho. Muuzaji anayekataa, mshukuru, nenda duka la pili. Yangu ilianzia laki mbili na hamsini, tukaongea, tukamalizana laki mbili na kumi, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikadai kabla sijatoa pesa, kwa sababu bila hiyo habari ya warantii ni hadithi.

Yaliyobaki ni madogo. Ni nene kuliko kibodi ya laptopu, kwa hiyo viganja vinataka kitu cha kuegemea; mimi nakunja kitambaa cha khanga, kinatosha na kinafuliwa. Ni nzito kiasi kwenye begi. Taa nimezima, na betri haifanani kabisa na ya mtu anayeziwasha. Naziwasha umeme ukikatika tu, ambapo laptopu iko kwenye chaji yake na kibodi kwenye yake, na kazi ya mteja inamalizika gizani. Vumbi la barabara yetu linaingia kila mahali, lakini kofia zinatoka, brashi ya rangi inapita katikati, zinarudi. Chai ndiyo usiisogeze, haina kinga yoyote ya maji.

Kama unaandika kidogo na unacheza sana, chukua ya 68 yenye swichi nyekundu na kirisiva, ubaki na chenji. Kama hesabu za Excel ndizo zinazokulisha, hakuna hata moja kati ya hizi inayokufaa: zote hazina ule mraba wa namba wa kulia, na utajuta kufikia tarehe ya kufunga mahesabu ya mwezi.