Fundi wa kila kitu au fundi wa umeme tu?

Gari likinizimikia njiani, mimi huanza na fundi wa jumla. Huyu ameshashika breki, rejeta, pampu ya mafuta. Akisikia mlio tu anajua pa kuinama. Fundi wa umeme angeanza kufukua waya, kumbe ni chujio la dizeli limeziba.

Ila betri ikilala kila asubuhi, usimwache wa jumla abahatishe. Atakununulisha betri mpya, na wiki ijayo mko palepale (yamenikuta). Wa umeme huweka mita kwenye betri kwanza: injini ikiunguruma, inatakiwa isome karibu volti 14. Ikiganda kwenye 12, alteneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka) haichaji. Dakika tano, jibu umepata.

Bei ya fundi wa umeme imechangamka, lakini haifiki ya betri.